Muvi ya kutisha imeisha, sasa utampa nani aisambaze?

Imeili iliingia saa tisa usiku nikiwa hosteli Ngara, na kwa vile muvi yetu ilikuwa ya jini kwenye nyumba ya kupanga yenye chumba hakifunguliwi, mara ya kwanza nikafikiria ni mtu wa darasa ananichezea. Kumbe ni kampuni ya nje, imeona treila, inasema iko tayari kutusambazia dunia nzima. Dunia nzima! Sisi tulioshuti usiku 14 Kahawa West kwa shilingi 380,000, jenereta ya kuazima, mama mwenye nyumba akituomba kila jioni tusimwage ile damu ya rangi kwa simiti yake. Tulisaini ndani ya wiki moja. Dunia nzima, haki zote, miaka 15. Hiyo ilikuwa 2019, na ripoti ya mauzo hatukuwahi kutumiwa hata moja.

Tangu hapo nimesoma mikataba ya watu wengi, ya wenzangu wa chuo na ya wadogo zetu waliokuja nyuma, na nimeona tunaanguka shimo lile lile. So wacha niifungue hii kitu polepole, maana hakuna mwalimu alitufundisha. Darasani tulifundishwa lenzi na taa na mise-en-scene mpaka tukachoka, lakini siku ya karatasi unajikuta peke yako na laptopu.

Cha kwanza kabisa: msambazaji hanunui muvi, anachukua haki. Fikiria muvi yako ni ploti yenye vyumba. Kuna chumba cha sinema, cha TV ya kulipia, cha TV ya bure, kuna strimingi ya kulipia kwa mwezi, kuna ile ya kukodisha muvi moja moja, kuna ya bure yenye matangazo, kuna ndege, kuna mashule, na kuna diski, ambazo huku tunaona zilikufa zamani lakini mashabiki wa muvi za kutisha Marekani na Ulaya bado wanazikusanya, Blu-ray zenye kava nzuri, wanazipanga kwa rafu kama vitabu. Halafu kila chumba kina nchi zake, na kila chumba kina muda wake. Sasa mtu anakuja anasema nipe ploti nzima nitakutafutia wapangaji, na kumbe yeye anajua wapangaji wa vyumba viwili tu. Vile vingine vyote vitakaa na kufuli yake mlangoni, na wewe mwenye ploti huwezi hata kuingia kulala.

Hiyo picha ya ploti ukiishika vizuri, mkataba wowote utausoma bila kuogopa. Kila mstari unauliza: ni chumba gani, nchi gani, miaka mingapi, na kodi inagawanywa vipi.

Halafu hawa watu si aina moja, ingawa kwa imeili wote wanajiita wasambazaji. Ejenti wa mauzo ni dalali. Anabeba muvi kwenye masoko, Berlin mwezi wa pili, Cannes mwezi wa tano, lile la Marekani la AFM mwezi wa kumi na moja, anauzia msambazaji wa Ujerumani, wa Japani, wa Brazili, kila mmoja nchi yake, na anakata kamisheni kwa kila dili. Msambazaji mwenyewe ni yule anayefikisha muvi kwa mtazamaji wa nchi fulani, anatengeneza posta, anaongea na majukwaa na sinema za kwao. Agregeta naye ni kama ofisi ya kutuma mizigo pale River Road: unalipa ada, au anakata asilimia, anakagua faili yako, anaipakia kwa jukwaa, basi. Hajaahidi kuuza na hajui kuuza, kazi yake ni mzigo ufike. Hakuna ubaya na agregeta ukijua ni agregeta. Ubaya ni kumpa mtu wa mizigo kamisheni ya dalali, na hiyo nimeiona mara nyingi sana, kampuni inachukua 35% na miaka 15 na kazi yote inayofanya ni kupakia faili mahali ambapo ungepakia mwenyewe.

Na hata mtu wa mizigo anaweza kuanguka na mizigo yako ndani. 2019 hiyo hiyo agregeta moja kubwa ya Marekani, Distribber, ilianguka, na watengenezaji filamu waliokuwa wamelipa ada na wengine waliokuwa wanadai pesa za mauzo wakabaki wanahangaika kujua muvi zao ziko wapi na nani ameshika pesa. Ndio maana mkataba wowote lazima useme kwamba kampuni ikifilisika, ikifungwa au ikiuzwa, haki zinarudi kwako moja kwa moja. Ni sentensi moja tu. Iombe.

Netflix watu wananiuliza kila siku. Netflix haipokei muvi ya mtu anayejitumia tu kwa imeili, inataka ipitie kwa mtu inayefanya naye kazi tayari. So mtu akikuambia atakuingiza huko muulize ameshawahi kuingiza muvi gani, halafu fungua uitafute uone kama iko. Na usijenge mpango wote juu ya jukwaa moja. Januari 2024 Amazon ilitangaza inaacha kuagiza kazi mpya za Afrika, na kuna watu hapa mjini walikuwa wamepanga mwaka mzima wakiangalia mlango huo.

Tuje kwa kitu ambacho mwanafunzi anakisahau kabisa. Je, hiyo muvi ni yako?

Mnunuzi siriasi kabla akulipe atafanya search ajue mwenye mali ni nani, vile mtu wa ploti anafanya search ya ardhi kabla atoe pesa. Atataka karatasi za kila mtu aliyegusa muvi. Na hapa sheria ya Kenya ina jambo ambalo madairekta wengi hawalijui: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mwandishi (author), yaani mwenye haki wa kwanza, wa kazi ya picha na sauti ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Haijasema aliyeandika, haijasema aliyedairekti, imesema aliyefanya mipango. Sasa kama kamera ni ya chuo, taa za chuo, chumba cha kuediti cha chuo, na barua ya lokesheni ilisainiwa na mkuu wa idara, mtu anaweza kuja kubishana na wewe. Ukweli mwanafunzi si mwajiriwa, na ni kazi ya mwajiriwa au kazi iliyoagizwa ndiyo sheria inampa mwajiri au mwagizaji kama hamkuelewana vingine. Lakini ile fomu uliyosaini siku ya kuripoti chuo, umeisoma? Vyuo vingine vinaandika kwamba projekti za mwisho ni mali ya chuo, vingine vinataka kuonyesha tu bila kuuza, vingine havisemi chochote. Nenda ofisini ukiwa bado mwanafunzi, salimia vizuri, omba barua fupi inayosema chuo hakidai umiliki wa muvi fulani na hakina pingamizi ikiuzwa. Ukiwa bado darasani hiyo barua inachukua siku mbili. Ukishamaliza, mwalimu wako amehama, faili yako imeenda stoo, inaweza kuchukua mwaka.

Halafu waigizaji, kila mmoja karatasi, hata yule rafiki yako aliyekuwa maiti kwa dakika mbili. Na mtu wa muziki ndio zaidi. Kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee kwa sheria yetu lazima iwe kwa maandishi na isainiwe, kwa hivyo ile sauti ya WhatsApp ya "sawa kaka tumia tu hiyo biti" inakutosha kuonyesha darasani, lakini msambazaji hataikubali. Kuna mwenzangu alipoteza dili yake nzuri kwa sababu ya matatu. Sini ya msichana anatoroka usiku anafika stejini, matatu inapita imefungulia muziki, wimbo unasikika sekunde tisa, na mtu yeyote wa Nairobi anaujua. Kwao ilikuwa ni uhai wa sini. Kwa mkaguzi wa msambazaji ilikuwa ni wimbo wa mtu bila ruhusa, na mazungumzo ya waigizaji yalikuwa yamerekodiwa juu yake, kuutoa haikuwezekana bila kurudisha waigizaji studio, na mmoja alikuwa ameshaenda Qatar. Na usifikirie ile leseni ya kupiga muziki ukumbini inasaidia, hiyo ni kitu kingine kabisa na ruhusa ya kuweka wimbo ndani ya filamu.

Kusajili muvi KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, si lazima ndio uwe na haki, haki inakuja yenyewe kazi ikishatengenezwa, lakini hicho cheti kinasaidia mtu akianza kubishana. Fanya tu.

Sasa pesa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndio watu wanalia.

Mkataba ukikuambia "mnagawana 70 kwa 30, wewe 70", roho inatulia. Lakini soma 70 ya nini. Kwa kawaida njia ya pesa ni hivi: jukwaa linalipa msambazaji, msambazaji anakata kamisheni yake, halafu anakata gharama zake, halafu kilichobaki ndio chako. Tuseme muvi imeingiza dola 8,000, ambayo kwa muvi ya chuo si mbaya kabisa. Kamisheni 30% ni dola 2,400, imebaki 5,600. Halafu gharama: posta mpya, treila mpya, kukagua faili, kupakia, na ile inayoitwa gharama za masoko, yaani tiketi ya ndege na hoteli ya Cannes inagawanywa kwa muvi zote walizobeba, na yako ikiwemo. Kama mkataba haujaweka kikomo wanaweza kukuandikia dola 5,000. Imebaki 600. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni 78,000, na bajeti yetu sisi ilikuwa 380,000.

Sasa rudia hesabu na kikomo cha dola 2,000 kwa gharama. Inabaki 3,600, ambayo ni 468,000. Muvi ni ile ile, watazamaji ni wale wale, kamisheni haijasonga hata pointi moja, na sasa umerudisha pesa ya kila mtu na ukabaki na kitu. Yaani watu wanapigania kamisheni itoke 30 iende 25 na hawaulizi kikomo cha gharama, wakati pesa imejificha hapo. Omba kikomo, omba gharama za masoko ziondolewe kabisa au ziwe kiwango kimoja kilichoandikwa, na omba kitu chochote zaidi ya dola 300 hivi upewe risiti. Kampuni nzuri itakubali au itakuja na namba yake mezani. Kampuni inayokasirika kwa sababu umeuliza kikomo, achana nayo, hiyo hasira imeshakuambia kila kitu.

Jambo lingine, kuna kipengele cha kuchanganya muvi tofauti kapu moja. Ukiwapa muvi mbili, hasara ya ile moja inalipwa na faida ya nyingine. Kataa.

Na ushuru. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili, kwa hivyo mrahaba, yaani fungu lako la mauzo, unaotokana na watazamaji wa Marekani unakatwa 30% kule kabla ufike. Watakutumia fomu ya W-8BEN ujaze, jaza, lakini usitegemee itakupunguzia, hiyo punguzo ni ya nchi zenye mkataba. Ile dola 3,600 yetu kama yote ni ya Marekani inakuwa 2,520. Si wizi wa msambazaji, ni sheria, ila ni vizuri uijue mapema usije ukagombana na mtu bure. Kituo cha TV cha hapa kikikulipa kinakata ile 5% ya KRA, ina maana uwe na PIN, na kama mko kikundi basi muwe mmesajili kampuni au mmeandikiana nani anapokea kwa niaba ya nani. Tafadhali andikianeni. Urafiki wa kikosi chetu uliponea chupuchupu kwa sababu ya shilingi 40,000 za kushinda shindano, sembuse mrahaba.

Adivansi, ile pesa ya mbele, kwa muvi za kiwango chetu siku hizi ni nadra. Wengi watakupa sifuri, na sifuri peke yake haimaanishi ni matapeli. Ila kama hakupi kitu mbele, basi usimpe miaka 15. Huo ndio msimamo wangu na sitaubadilisha: bila adivansi, miaka 3 mpaka 5, na ikiwezekana bila upekee, yaani ubaki huru kumpa na mwingine, ama upekee wa nchi zile tu anazozifanyia kazi kweli. Akitaka miaka 10 alipe. Na iandikwe kwamba nchi yoyote ambayo hajaiuza ndani ya miezi 18 inarudi kwako.

Ripoti nayo. Mara nne kwa mwaka kwa miaka miwili ya kwanza, baadaye mara mbili, hata kama mauzo ni sufuri, na uwe na haki ya kutuma mhasibu kuangalia vitabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na sisi yetu ilipotea hivyo hivyo.

Sasa kwa nini muvi ya kutisha hasa? Kwa sababu ni aina pekee, nikiongea kwa uaminifu, ambayo mwanafunzi bila staa yeyote anaweza kuuza nje. Mchezo wa mapenzi unahitaji uso unaojulikana, wa kutisha unahitaji wazo na saundi. Wanunuzi wa nje wamechoka na nyumba za Ulaya zenye mizimu, ukiwaletea mkimbiaji wa usiku wa Nyanza, yule jajuok, ama yule mwanamke mrembo wa Mombasa mwenye kwato, wanainua kichwa. Lakini pia hapo ndio wanajaa wale wa kuokota muvi 200 kwa mwaka na kuzitupa mtandaoni zote waone ipi itashika, kwa sababu wanajua mashabiki wa hii kitu wanajaribu chochote chenye posta ya kuogofya. So muulize mtu: mwaka huu umechukua muvi ngapi, na ya mwisho iliyofanana na yangu uliifanyia nini wiki ya kwanza?

Posta na jina watabadilisha, hiyo ikubali, wanajua picha gani inabofywa. Ila iandikwe kwamba jina halibadilishwi bila kukuonyesha na laini ya hakimiliki, ile yenye alama ya © na jina lako, haitoki. Kuna kisa cha 1968 cha kufanya mtu asilale: Night of the Living Dead, muvi ya bajeti ndogo, msambazaji wake alibadilisha jina na katika kubadilisha kadi ya jina ile alama ya hakimiliki ikaachwa nje. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilitaka alama hiyo, na muvi ikawa ya umma, mtu yeyote angeweza kuionyesha na kuiuza bila kuwalipa walioitengeneza. Leo alama si sharti, lakini angalia ni nani alifanya kosa na ni nani alilipa.

Na wengine watakuambia The Blair Witch Project ya 1999. Vijana waliosoma filamu Florida, muvi ikanunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 1, ikaingiza kama milioni 248. Ni kweli kabisa. Ila angalia ilinunuliwa wapi: Sundance, kwenye tamasha, wanunuzi wakiwa pamoja kwa mji mmoja wanaangaliana. Sisi tulikubali imeili ya kwanza kabla muvi ionekane popote, hatukuwa na mtu wa pili wa kumlinganisha naye. Tuma kwanza kwenye matamasha, Sitges kule Uhispania na Fantasia ya Montreal ni ya aina yetu hasa, na ya karibu kama ZIFF ya Zanzibar na NBO hapa kwetu. Hata ukiingia moja tu, imeili zitakuja tatu badala ya moja. Na kama muvi yako ni ya dakika 15 basi usihangaike na msambazaji kabisa, matamasha kwanza halafu YouTube, kwako mwenyewe ama kwenye chaneli za filamu fupi za kutisha kama ALTER.

Kuchunguza kampuni si ngumu. Fungua orodha ya muvi zao, chagua tatu za bajeti ndogo za miaka mitatu minne iliyopita, usichukue zile tatu wanazokupa wao wenyewe, tafuta madairekta wake Instagram, waandikie kwa heshima. Uliza vitu vitatu: unapata ripoti? umewahi kulipwa? ungewapa muvi ya pili? Watu wanajibu, niamini, hasa walioumia. Mimi ningefanya hivyo 2019 ningejua kwa siku mbili, kwa sababu baadaye nilipowatafuta, watano walinijibu na wanne walikuwa wanalia kilio changu.

Vitu vya kukabidhi pia uliza mapema, maana hapo pesa inatoka mfukoni. Watataka faili kubwa ya ProRes, ile ya ubora wa juu, sabtaito za Kiingereza zilizopangwa vizuri, saundi ya athari na muziki peke yake bila mazungumzo ili waweke lugha nyingine, picha za kawaida zisizosonga (stills) za waigizaji, na wengine watataka bima ya E&O, ile ya kuwakinga mtu akishtaki kuhusu haki, ambayo inaweza kuzidi bajeti ya muvi nzima. Omba hiyo bima waichukue wao na waikate kwenye mauzo, ndani ya kile kikomo. Saundi bila mazungumzo itengeneze wakati wa kuediti, usingoje, mwaka mmoja baadaye hadi hard disk za projekti zimeshapotea. Na kama unataka muvi itoke msimu wa Halloween mwezi wa kumi, faili ziwe zimefika kwao katikati ya mwaka, ukaguzi na kupakia kunakula miezi.

Sasa nyumbani. Ushauri wangu mkubwa: Kenya na Afrika Mashariki ziondoe kwenye mkataba wa nje. Andika tu "isipokuwa". Msambazaji wa Los Angeles hajui sinema ya Prestige, hajui mtu wa ukumbi wa Unseen pale Kilimani, hajui Alliance Française, na hatakuja kukuuzia tiketi. Huku wewe ndiye msambazaji. Kabla ya kuonyesha umma unahitaji KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu, waipe daraja, GE, PG, 16 ama 18, na muvi ya damu nyingi itaangukia 18, ambayo ina maana kwa TV haiwezi kuonyeshwa kabla ya saa nne usiku kwa sababu saa kumi na moja asubuhi mpaka saa nne usiku ni muda wa familia. Kituo kikikupa bei ya chini kwa sababu hiyo, si dharau, ni saa. Ukiweza kuediti toleo la daraja la chini zaidi bila kuua muvi, utakuwa na vitu viwili vya kuuza.

Sinema itachukua kama nusu ya tiketi, ama unakodi ukumbi na tiketi zote ni zako na hatari yote ni yako. Viti 150 kwa shilingi 500 ni 75,000, angalia kodi ya ukumbi ni ngapi ndio uamue. YouTube iache iwe ya mwisho, sio ya kwanza, maana ukishaiweka bure huko dunia nzima hakuna msambazaji atataka upekee. Lakini si ya kudharau: ukifika wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka unaanza kupata 55% ya matangazo, na kuna watu wamepata huko kuliko mrahaba wa miaka mitano. Zile duka za muvi za kuwekewa kwa flashi kwa bob kidogo zitaipata tu, huwezi kuzuia, wacha angalau jina lenu na namba ya simu ya kuulizia onyesho lijalo viwe mwanzoni mwa faili.

Na kama umeshasaini kama sisi? Soma mkataba tena utafute walichoahidi na hawakufanya. Wetu ulisema ripoti kila miezi sita. Hawakutuma hata moja, huo ni ukiukaji. Tulimpata wakili kupitia dada ya mmoja wetu, akatuandikia barua ya ukurasa mmoja: vipengele vilivyovunjwa, siku 30 za kurekebisha, la sivyo mkataba unakatika. Hatukuwa na pesa ya kwenda kushtaki California, ambako mkataba ulisema kesi zitasikizwa (na hapo pia angalia, omba usuluhishi wa mtandaoni), kwa hivyo mwishoni tukaomba kitu kidogo ambacho wao hawakikosi, Afrika Mashariki irudi. Imeili nne, miezi mitatu. Walikubali kwa mstari mmoja, na wakili akasema mstari mmoja uliosainiwa unatosha. Dunia iliyobaki iko kwao mpaka 2034, lakini wiki iliyopita nilipeleka muvi KFCB kupewa daraja, na Kahawa West wameanza kuniuliza tutaonyesha lini.